Banissa ifundishwe usalama wa simu kwa kipimo chake

Mzee ameketi kwenye benchi la wakala wa M-Pesa mjini Banissa, bakora kati ya magoti, simu ya mulika mwizi mkononi. Mwanawe aliye Eastleigh, Nairobi, ametuma pesa za dawa na za maji. Zamu yake inapofika, hasomi ujumbe wala hagusi kitufe. Anampa kijana wa dukani simu yenyewe, kisha anataja namba yake ya siri kwa sauti, tarakimu moja baada ya nyingine, foleni nzima ikisikia. Kijana anabonyeza, anahesabu noti, anafungua kitabu cha wakala na kuandika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu na kiasi kilichotolewa. Mzee anatia sahihi. Kitabu kinabaki wazi juu ya kaunta, kalamu ikining'inia kwa uzi, mpaka mteja wa pili.

Ni jambo la kila siku, na si Banissa peke yake. Katika miji mingine ya Mandera, kama Takaba, Rhamu na El Wak, hakuna tofauti. Wala hakuna mwovu pale dukani. Kijana yule mara nyingi ni wa ukoo, na mzee anamwamini kwa kuwa amemwona akikua. Siku nyingi pesa hufika salama. Lakini katika dakika hizo mbili siri ya akaunti imetangazwa hadharani, na kila aliyeinama kutia sahihi baada yake ameweza kusoma jina, kitambulisho na namba ya simu ya aliyemtangulia. Akitokea mmoja mwenye nia mbaya katika foleni hiyo, hana la kutafuta tena.

Mawaidha ya usalama wa mtandao yanayotolewa Kenya yameandikwa kwa ajili ya mtu mwingine. Yanachukulia kwamba simu ya msomaji ni yake peke yake, laini imesajiliwa kwa jina lake, Kiingereza au Kiswahili anakisoma bila msaada, mtandao haukatiki na kitambulisho kiko mfukoni. Katika Banissa, eneo bunge la Kaunti ya Mandera linalopakana na Ethiopia, kila moja ya dhana hizo ina ufa. Simu moja hutumiwa na nyumba nzima. Laini ni ya shemeji. Ujumbe husomwa na mtoto aliyefika darasa la sita. Mafunzo yanahitajika, tena yamechelewa, lakini yakiletwa kama yalivyo kutoka Nairobi yatamfaa mwalimu na karani wa kaunti, na kumwacha mzee yule pale pale kwenye benchi.

Habari za udukuzi zinazotikisa nchi huwa kubwa na za mbali. Mwishoni mwa Julai 2023 kundi lililojiita Anonymous Sudan lilikwamisha huduma za eCitizen, jukwaa la serikali la mtandaoni, kwa kuzifurikisha maombi bandia, na Waziri wa Habari wa wakati huo, Eliud Owalo, akalithibitisha shambulio hilo huku akisema hakuna data iliyopotea. Oktoba 2024 Marekani ikatangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan kwa madai ya kuliendesha kundi hilo. Mambo hayo ni mazito, lakini mkazi wa Derkhale au Malkamari, huko Banissa, hana uwezo wa kuyazuia. Anachoweza kukizuia ni kile kinachopita mkononi mwake, na huko ndiko mafunzo yanakopaswa kuanzia.

Yaanzie kwa wakala. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na tangu siku hiyo mpango wake umekuwa ule ule: wakala hahitaji namba ya siri ya mteja ili kumpa pesa. Mteja mwenyewe, kwa simu yake, anafungua menyu, anachagua kutoa pesa, anaandika namba ya wakala iliyobandikwa ukutani, kisha kiasi, kisha namba ya siri. Ujumbe unaingia kwenye simu zote mbili, na hapo noti zinahesabiwa. Hakuna hatua hata moja inayomlazimu mteja kukabidhi simu.

Atasema mtu kwamba wazee wetu hawajui kusoma. Ni kweli kwa wengi, ila tarakimu wanazijua. Mtu aliyeuza ngamia na mbuzi maisha yake yote hashindwi na namba nne. Menyu ya M-Pesa inapatikana kwa Kiswahili, mpangilio wake haubadiliki kila kukicha, na kitufe cha namba tano kwenye simu ya mulika mwizi kina kinundu ambacho kidole hukihisi hata gizani. Mjukuu mvumilivu anaweza kumfundisha babu yake njia hiyo jioni chache, akirudia mpaka vidole vizoee. Namba yenyewe isiwe mwaka wa kuzaliwa, kwa sababu mwaka huo umechapishwa kwenye kitambulisho, na kitambulisho ndicho kinachowekwa juu ya kaunta. Na kama macho yamefifia kiasi kwamba haiwezekani kabisa, basi familia ikae na kumteua mtu mmoja wa nyumbani atakayejua siri hiyo. Hilo halimo katika mwongozo wowote wa kampuni, lakini ni afadhali mara kumi mjukuu mmoja ajue kuliko foleni nzima.

Kutoka hapo yafuate mafunzo kuhusu matapeli, ambao Banissa inawajua vizuri. Ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwa namba hii" umezunguka Kenya nzima kwa miaka mingi, nao hufanikiwa kwa sababu humkuta mtu ambaye kweli alikuwa karibu kumtumia mwenziwe pesa. Kuna simu ya mtu anayejidai ni wa huduma kwa wateja, ilhali Safaricom, kampuni yenye M-Pesa, imesema mara nyingi kwamba hupigia wateja kwa namba 0722 000 000 pekee. Ujumbe wa kitapeli hutumwa bure kwenda 333. Pesa zilizotumwa kwa namba isiyo sahihi huombewa kurudishwa kwa kupeleka ujumbe wa M-Pesa kwenda 456, na haraka ndiyo humwokoa mtu, maana aliyezipokea akiwahi kuzitoa kazi inakuwa ngumu.

Hatari kubwa zaidi ni kubadilishiwa laini. Tapeli hukusanya kwanza: jina kamili, namba ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa, pengine miamala miwili ya karibuni. Baadhi anavipata kwa kumpigia mwenye simu, vingine kutoka kwenye vitabu na orodha zilizozagaa. Akishavipata, laini hutolewa upya kwenye kadi iliyo mikononi mwake. Simu ya mwenyewe inapoteza mtandao, namba ya siri inabadilishwa, na kilichomo kwenye M-Pesa na kwenye akiba ya M-Shwari kinahamishwa, pengine na mkopo ukachukuliwa juu yake. Visa vya aina hii vimeupa jina baya mji mdogo wa Mulot, mpakani mwa Bomet na Narok, ambako wapelelezi wamewakamata washukiwa mara kwa mara.

Hapa ndipo mafunzo ya Nairobi yanapompotosha mtu wa Mandera. Mkazi wa Nairobi huambiwa kwamba simu ikipoteza mtandao ghafla ashtuke. Kaskazini Mashariki mtandao hupotea kila wakati. Al-Shabaab wamelipua minara ya simu mara nyingi katika kaunti za Mandera, Wajir na Garissa, na kuna maeneo yaliyokaa wiki na miezi bila mawasiliano. Mtu aliyezoea hali hiyo, laini yake ikifa asubuhi, hukunja simu ndani ya shuka na kwenda zake malishoni. Kwake yeye kanuni inapaswa kuwa nyingine: amuulize jirani mwenye laini ya kampuni ile ile. Jirani akiwa na mtandao na yeye hana, aizime simu na kuiwasha mara moja, na kama bado haishiki aazime simu ya jirani apige huduma kwa wateja saa ile ile. Bora zaidi ni kujikinga mapema kwa kupiga *100*100#, huduma ya Safaricom ya kuzuia laini isibadilishwe kiholela. Ni kazi ya dakika moja ambayo chifu angeweza kuifanyisha baraza zima kwa pamoja.

WhatsApp nayo ina mlango wake. Tapeli anayetaka kuiteka akaunti huomba namba ya tarakimu sita iliyotumwa kwenye simu ya mwenyewe, akisema ilikwenda kwa makosa. Akiipata, anaingia na kuanza kuwaandikia ndugu: adeer (yaani ami), nimekwama njiani, nitumie elfu tano nitakurudishia kesho. Katika jamii ambayo mtu hamkatai mjomba wala mpwa aliye taabuni, ujumbe huo una nguvu ya pekee, na aliyeutuma anajua. Kinga ni mbili. Ya kwanza ni kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili katika mipangilio ya WhatsApp, ili namba ile ya tarakimu sita peke yake isitoshe. Ya pili ni ya zamani kuliko simu zote: kabla ya kutuma pesa, piga usikie sauti, na ukiwa na shaka uliza jambo la nyumbani ambalo mgeni hawezi kulijua.

Lipo tatizo ambalo vipeperushi vya usalama havilitaji kabisa, nalo ni laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Kaskazini Mashariki kitambulisho hakijawahi kupatikana kwa wepesi. Novemba 1989 serikali ilianza kuwachuja Wakenya wa asili ya Kisomali peke yao na kuwapa kadi ya rangi ya waridi waliothibitishwa kuwa raia. Kwa miongo iliyofuata kijana wa Mandera alipelekwa mbele ya kamati ya kumchunguza ukoo kabla ya kupewa kile ambacho mwenzake wa Nyeri alipata kwa kuonyesha cheti cha kuzaliwa. Ni Februari 2025 tu ambapo Rais William Ruto, akiwa ziarani Wajir, alitangaza kuondolewa kwa uchujaji huo wa ziada.

Katika miaka hiyo yote watu hawakuacha kutumia simu. Usajili wa laini ulipokuwa wa lazima kuanzia 2010, asiye na kitambulisho aliazima cha binamu au cha rafiki. Hivyo leo kuna mfanyabiashara anayezungusha mtaji wake wote kwenye laini ambayo, katika kumbukumbu za kampuni, si yake. Laini ikipotea hawezi kuirudisha bila mwenye jina. Mwenye jina akifariki, akigombana naye au akihamia Minneapolis, pesa zimekwama. Akina mama wengi wanaouza maziwa wako katika hali hiyo hiyo kwa laini za waume zao. Na mwenye kitambulisho naye yuko hatarini: laini ikitumika kutapeli, au kwa jambo baya zaidi, polisi huanza na jina lake, na katika kaunti ya mpakani yenye operesheni za usalama zisizokwisha hilo linaweza kumgharimu mtu uhuru wake. Kwa wateja wa Safaricom, kupiga *106# humwonyesha mtu laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Kila aliyepata kitambulisho chake karibuni aanze kwa kuihamishia laini yake kwenye jina lake. Ushauri wa nywila na wa programu za kuzuia virusi unaweza kusubiri, huu hauwezi.

Lakini funzo zito kuliko yote kuhusu faragha liko Garissa, wala halikuletwa na mdukuzi. Kambi za wakimbizi za Dadaab zilifunguliwa 1991, vita vilipowakimbiza Wasomali kutoka kwao. Miaka ya ukame ilipokaza, familia za Wakenya waliokuwa wakiishi kando ya kambi ziliona mahindi, shule na zahanati upande wa pili wa ua, na upande wao hakuna. Wengi walijiandikisha kama wakimbizi ili watoto wale. Alama za vidole zikachukuliwa, za wazazi na za watoto. Mvua zikanyesha, wakarudi makwao, na wengi wakalisahau jambo hilo.

Mashine haikusahau. Watoto wale walipofika umri wa miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho, vidole vyao viliwataja kuwa wakimbizi. Mzazi ana kitambulisho cha Kenya, babu anacho, lakini kijana anaambiwa si raia. Mashirika ya haki yamekadiria kwamba watu takriban 40,000 walinaswa hivyo. Bila kitambulisho hakuna laini ya jina lako, hakuna akaunti ya benki, hakuna kazi ya serikali, na kizuizi cha polisi kwenye daraja la Tana kinakuwa mwisho wa safari. Shirika la Haki na Sheria, lenye makao yake Garissa, lililibeba suala hilo hadi Mahakama Kuu ya mji huo mwaka 2021. Serikali yenyewe ilikuwa imekwisha kuunda kamati za kuwachunguza upya, na maelfu walibainika kuwa Wakenya.

Taarifa zile zilitolewa kwa hiari, kwa sababu ya haki kabisa, kwa shirika lililokuja kusaidia. Hazikuibwa. Zilihifadhiwa, kisha miaka mingi baadaye zikatumika kwa jambo ambalo aliyetoa kidole hakulifikiria, na watoto hata hawakuulizwa. Namba ya siri ikivuja hubadilishwa jioni ile ile. Kidole hakibadilishwi. Kwa hiyo mtu wa Banissa anapaswa kuwa mwangalifu mara mbili anapoombwa kidole, jicho au uso kuliko anapoombwa neno la siri, na mafunzo mengi hayasemi hivyo. Yanasimulia alama ya kidole kana kwamba ndiyo kufuli bora kuliko zote.

Nairobi ilipata onyo lake Julai na Agosti 2023, watu walipopanga foleni ndefu katika jumba la KICC kupigwa picha ya mboni na mradi wa Worldcoin kwa malipo ya sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha kazi hiyo mwanzoni mwa Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data iliyokusanywa ifutwe. Vijana wa KICC walitoa macho kwa sababu ya ukata, kama familia za Dadaab zilivyotoa vidole kwa sababu ya njaa. Mwenye shida hana nafasi ya kujadiliana, na ndiyo maana mzigo wa kumlinda hauwezi kuachwa mabegani mwake peke yake.

Na Mandera imeandikwa sana. Mpango wa fedha za kukabiliana na njaa wa HSNP ulisajili karibu kaya zote za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Tangu 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, inasajili upya kila mtu na wategemezi wake. Kuna waandikishaji wa chanjo, wa basari, wa mbegu, wa maji. Kila mmoja huja na fomu au kishikwambi, na ni nadra mwananchi kuelezwa kwa lugha anayoielewa taarifa hizo zinakwenda wapi na zitakaa huko muda gani.

Vijana wana hatari zao, na nyingi zinapitia saiba, duka la huduma za intaneti. Aliyemaliza Kidato cha Nne anahitaji akaunti ya KUCCPS ya kuomba chuo, ya HELB ya mkopo wa masomo, ya eCitizen na ya KRA ya kodi. Hana kompyuta, kwa hiyo mhudumu wa saiba humfungulia barua pepe, humchagulia nywila na kuiandika katika daftari la dukani pamoja na za wengine mamia. Mara nyingi nywila ni moja kwa wote. Siku kijana anapohitaji kuingia akiwa Eldoret au Kisumu, inabidi ampigie mhudumu. Na siku mhudumu anapoamua kuingia, hahitaji kumpigia mtu. Dawa yake haina gharama. Nywila ichaguliwe na mwenyewe, iandikwe na mwenyewe akiwa kwenye kibodi, na akimaliza atoke kwenye akaunti kabla ya kuinuka. Iwe ndefu: maneno manne yasiyohusiana, hata yawe ya Kigarre au ya Kiborana, yanamsumbua mwizi kuliko neno moja fupi lililopambwa kwa alama. Bill Burr, Mmarekani aliyeandika mwaka 2003 mwongozo uliowalazimisha watu duniani kote kupamba nywila na kuzibadilisha kila baada ya miezi michache, alikiri mwaka 2017 kwamba anajutia sehemu kubwa ya ushauri huo. Mwaka huo huo taasisi ya viwango ya Marekani aliyokuwa ameiandikia, NIST, iliachana nao.

Simu za mtumba nazo zichunguzwe. Nyingi huletwa kutoka Eastleigh zikiwa hazipokei tena masasisho kutoka kwa mtengenezaji. Virusi vya WannaCry vilivyolemaza hospitali za Uingereza Mei 2017 vilipitia tundu la kompyuta ambalo Microsoft ilikuwa imeliziba Machi ya mwaka huo. Walioumia ni wale ambao hawakusasisha. Simu isiyosasishwa inafaa kwa redio na nyimbo. Haifai kwa benki.

Kuhusu programu za mikopo, inatosha kusema kwamba programu inayotaka kusoma majina yote ya simuni kabla ya kukopesha inataka kuyatumia. Septemba 2023 Kamishna wa Data, Immaculate Kassait, aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu kuwatumia ujumbe wa vitisho na kuwasumbua kwa simu.

Siku hizo hizo shule ya Roma School ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi wadogo bila idhini ya wazazi. Uamuzi huo unastahili kusomwa kwa sauti katika kila ofisi ya umma ya Mandera. Kila msimu wa ukame mitandao hujaa picha za akina mama wazee wakipokea mchele na mafuta, nyuso wazi, majina chini, mwanasiasa kando akitabasamu. Orodha za waliopata basari au chakula cha msaada husambazwa kwenye makundi ya WhatsApp zikiwa na majina kamili, na mara nyingine namba za vitambulisho na za simu. Mwenye kuzisambaza hudhani anatenda uwazi. Kwa kweli amemfungulia tapeli njia, na amemvunjia heshima mzazi ambaye hakutaka mtaa mzima ujue kwamba alishindwa na karo. Uwazi unaweza kupatikana kwa kutangaza idadi, kiasi na vigezo, na kumjulisha kila mwombaji majibu yake peke yake.

Aliye na shaka kwamba orodha hizo huleta madhara akumbuke Juni 2021, pale maelfu ya Wakenya walipoangalia kwenye tovuti ya serikali na kujikuta wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Wengi walivitilia shaka vitabu vya mawakala wa pesa na vile vya milangoni mwa majengo.

Sheria ipo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa kila mtu haki ya kuelezwa taarifa zake zinatumiwaje, kuziona, kupinga matumizi yake, na kudai zisahihishwe au zifutwe zikiwa za uongo. Inamtaka anayekusanya aeleze sababu kabla ya kukusanya, na data za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi. Taarifa zikivuja kwa namna inayoweza kuleta madhara, Kamishna anapaswa kujulishwa ndani ya saa 72. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ilitumia sheria hii kuharamisha uzinduzi wa kadi za Huduma kwa sababu serikali haikutathmini kwanza athari zake kwa data za watu. Kwa hiyo mwananchi wa Guba au Kiliwehiri anayemuuliza afisa "unakitaka kidole changu cha nini?" hajakosa adabu. Ametumia haki yake.

Nani atafundisha? Serikali imeahidi vituo vya kidijitali 1,450, kimoja kwa kila wadi. Banissa ina wadi tano: Banissa, Derkhale, Guba, Malkamari na Kiliwehiri. Vituo hivyo visiwe vya kompyuta na kazi za mtandaoni pekee. Somo la kwanza liwe hili la namba ya siri, laini na kidole, na lifundishwe kwa Kigarre, Kisomali na Kiborana, si kwa Kiswahili na Kiingereza tu. Mawakala wa M-Pesa wafundishwe kabla ya wateja, kwa sababu wakala mmoja akikataa kushika simu ya mteja, foleni nzima imejifunza. Wapewe karatasi ya kufunikia kurasa zilizokwisha kujazwa. Redio ya Star FM inasikika katika nyumba za wasiosoma. Dakika kumi kwa wiki zingefika mbali. Walimu wa dugsi, yaani madrasa, na maimamu wana masikio ya watu kuliko afisa yeyote anayekuja na gari la kaunti.

Kamati ya basari ya Banissa, ofisi za Kaunti ya Mandera na mashirika yote ya misaada yanapaswa kuacha kuanzia sasa kusambaza orodha zenye namba za vitambulisho na picha za wanaopokea chakula. Hilo halihitaji bajeti wala semina. Na msomaji ambaye taarifa zake zimetumiwa vibaya asikae kimya: malalamiko kwa Kamishna wa Data hayatozwi ada, yanapaswa kushughulikiwa ndani ya siku 90, na sheria inaruhusu yatolewe kwa mdomo, afisa akiyaandika kwa niaba ya asiyejua kuandika.